Si Kijicho wala Pepo, ni Damu

IKIWA umewahi kuvuka feri ya Likoni ukapanda matatu ya kuelekea kusini, ukapita Ukunda, Msambweni na Ramisi, basi waijua Lunga Lunga kuwa ndio mwisho wa safari upande wa Kenya. Mbele yake ni mpaka, na ng'ambo ya mpaka ni Horohoro, ambako barabara huendelea hadi Tanga. Wengi wapitao hapo hawana haja na mji wenyewe. Hugongewa muhuri, wakanunua maji ya kunywa, wakashika njia.

Lakini kuna kitu kivukacho mpaka huo kila siku bila ya kugongewa muhuri wowote, nacho ni damu. Si damu ya kumwagika, la hasha, bali damu ya ukoo. Wadigo wa upande huu wana ami, wajomba na shangazi upande ule. Huoana, huzikana na kurithishana mashamba ya minazi. Na pamoja na minazi hiyo hurithishana pia maradhi ambayo katika nyumba nyingi bado hayajaitwa kwa jina lake. Huitwa kijicho. Huitwa pepo la utotoni. Huitwa mkosi wa mama.

Leo tuyaite kwa jina lake. Nawe uliye Nairobi, Nakuru au Mombasa usiseme hayakuhusu, kwani huenda mtoto wako au mwanafunzi mwenzako dawatini anayo hivi sasa.

Damu na kazi zake

Mwili wa mtu mzima una damu ya takriban lita tano, yaani robo ya mtungi wa lita 20. Ndani yake mna askari na watumishi wa namna tatu. Kwanza ni seli nyekundu, ambazo hubeba hewa ya oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka kila pembe ya mwili. Mzigo huo hubebwa na kitu kiitwacho himoglobini, ambacho ndicho huifanya damu iwe nyekundu. Pili ni seli nyeupe, ambazo hupigana na viini vya maradhi. Tatu ni chembe ndogo sana ambazo, zikisaidiana na protini zilizomo katika maji ya damu, huigandisha damu mtu anapojikata.

Seli hizi zote hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa. Seli nyekundu huishi siku 120 hivi, kisha hufa na nyingine hushika nafasi yake.

Ukilielewa hilo, umekwisha kuyaelewa maradhi ya damu kwa jumla. Seli nyekundu zikipungua au zikiharibika, mtu hukosa nguvu. Seli nyeupe zikizaana ovyo bila ya kuiva, hiyo ndiyo saratani ya damu. Na mtambo wa kugandisha ukiwa na kasoro, jeraha dogo huwa msiba.

Safura si jina geni

Tuanze na lililo la kawaida kabisa, upungufu wa damu. Bibi zetu wa pwani walikuwa na neno la hali hii tangu zamani: safura. Mtu wa safura hupauka, huvimba uso na miguu, na hata kupanda ngazi humshinda. Walisema kweli, maana safura ni jina la ugonjwa uletwao na minyoo inayong'ata utumbo na kunyonya damu humo. Mabuu ya minyoo hiyo huishi katika udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi, na huingia mwilini kupitia ngozi ya mguu usio na kiatu.

Kaunti ya Kwale ina sifa ya pekee katika vita hivi. Kati ya 2015 na 2017 ulifanywa huko uchunguzi mkubwa ulioitwa TUMIKIA, yaani Tuangamize Minyoo Kenya Imarisha Afya. Watafiti walitaka kujua ikiwa inatosha kuwapa dawa watoto wa shule peke yao, au ni bora kuwapa watu wote, nyumba hata nyumba. Jibu lilikuwa wazi. Pale ambapo kila mtu alipewa dawa mara mbili kwa mwaka, wenye minyoo ya safura walipungua kutoka watu 20 hivi katika kila 100 hadi sita hivi. Pale walipotibiwa watoto wa shule tu, upungufu ulikuwa mdogo. Funzo kwako ni kwamba ukimpa mwanao dawa ya minyoo, nawe meza yako, na baba naye, na yaya pia.

Minyoo si mwizi wa pekee. Kichocho, ambacho kimechunguzwa na wanasayansi huko Msambweni tangu miaka ya 1980, humfanya mtoto akojoe damu, na damu hiyo isipozuiwa huwa hasara ya kila siku. Mtoto hukipata kwa kuogelea au kuteka maji penye konokono wa kichocho. Kuna waliokuwa wakiamini kwamba mvulana akikojoa damu ni dalili ya kubalehe. Sivyo. Ni ugonjwa, na dawa yake ipo. Malaria nayo hupasua seli nyekundu kwa mamilioni, na kwa mtoto mdogo yaweza kuiteremsha damu kwa siku chache tu hadi ahitaji kuongezwa nyingine.

Halafu kuna chakula. Himoglobini haitengenezwi bila ya madini ya chuma. Mama mjamzito, mama anyonyeshaye, msichana aliyeanza hedhi na mtoto anayekua kwa haraka huhitaji chuma kwa wingi zaidi ya wengine.

Utaijuaje hali hii? Vuta kope la chini la mtoto ukatazame ndani. Tazama na viganja, kucha na ulimi. Ukiona weupe mahali pa wekundu, mpeleke hospitali akapimwe. Dalili nyingine ni uchovu usioisha, moyo kwenda mbio, kizunguzungu, na tamaa ya kula udongo au mawe laini yauzwayo sokoni. Mama mjamzito mwenye tamaa hiyo asichekwe, apimwe damu.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Kwa kawaida mwanamume hutarajiwa kuwa na himoglobini isiyopungua 13, mwanamke 12, na mama mjamzito au mtoto mdogo 11 hivi. Ikishuka chini ya 7, hapo pana hatari.

Chakula cha kurudisha damu hakihitaji duka la kifahari. Maini, dagaa, nyama, kunde, ndengu, mchicha, mnavu na matembele vyote vina chuma. Lakini chuma cha mboga huingia mwilini kwa shida, nacho husaidiwa na kitu kichachu. Kamulia ndimu kwenye mboga, au mle chungwa au embe baada ya chakula. Na jambo moja litawaudhi wengi: chai. Chai inywewayo pamoja na chakula hukizuia chuma kisiingie mwilini. Acha saa moja ipite, kisha unywe chai yako kwa raha.

Vidonge vya chuma wapewavyo mama wajawazito kliniki vimezwe vyote. Vikifanya choo kiwe cheusi, usiogope. Hata hivyo, usinunue vidonge hivyo kiholela kila unapochoka, kwani si kila upungufu wa damu hutokana na ukosefu wa chuma. Pwani yetu, kwa mfano, ina watu wengi mno waliorithi hali iitwayo thalasemia ya alfa, ambayo huzifanya seli nyekundu kuwa ndogo na damu kuwa pungufu kidogo. Uchunguzi wa Kilifi umeonyesha kwamba yapata nusu ya watoto wa huko, au zaidi, wana chembe ya urithi ya hali hiyo. Wengi wao huishi maisha yao yote bila ya kujua, na vidonge vya chuma haviwezi kuibadilisha.

Seli zenye umbo la mundu

Sasa tufike kwenye ugonjwa ulioziliza nyumba nyingi zaidi. Wengine huuita siko seli, wengine selimundu. Jina hilo la pili lina maana yake. Seli nyekundu ya kawaida ni ya mviringo na laini, hupenya kwenye mshipa mwembamba kama mtu mwembamba apitavyo katikati ya watu sokoni. Ya mgonjwa hujikunja ikawa kama mundu, kile chombo cha kukatia nyasi, tena ikawa ngumu. Hukwama njiani, nyingine zikaja zikakwama nyuma yake, na sehemu iliyo mbele hukosa oksijeni. Hapo ndipo mtoto hulia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa. Aidha, seli hizo hazifikishi siku 120. Hufa baada ya siku 10 hadi 20, na uboho hushindwa kuzifidia.

Mtoto huzaliwa mzima kabisa. Miezi ya mwanzo hulindwa na himoglobini aliyotoka nayo tumboni. Akifika miezi sita hivi, ile ya utotoni ikianza kuisha, vidole vya mikono na nyayo huvimba pamoja, na mtoto hataki kuguswa. Baadaye macho huwa ya manjano, damu hushuka, tumbo hujaa upande wa kushoto kwa sababu wengu umevimba, na homa huja mara kwa mara.

Je, unashangaa kwamba jirani husema ni kijicho? Mtoto aliyekuwa akicheka jana leo analia bila jeraha wala kidonda. Kesho kutwa anacheza tena. Mwezi ujao yale yale. Ugonjwa uendao na kurudi namna hiyo ni rahisi kudhaniwa una mkono wa mtu. Hirizi ikifungwa siku ya pili ya maumivu na maumivu yakaisha siku ya nne, mganga hupata sifa asiyostahili. Lakini siku ile mtoto atakaposhikwa na homa kali, saa zitakazopotea kwa kupunga pepo ndizo zitakazoamua kama atapona. Mtoto wa siko seli mwenye homa ni wa kukimbizwa hospitali saa ile ile, hata ikiwa ni usiku wa manane. Wengu wake haufanyi kazi vizuri, na viini huweza kuingia katika damu na kumuua upesi. Inakadiriwa kwamba barani Afrika zaidi ya nusu ya watoto wenye ugonjwa huu ambao hawatibiwi hufa kabla ya kutimiza miaka mitano.

Hesabu ya urithi

Hapa, mwanafunzi, kumbuka somo la bayolojia. Kila mtu hurithi chembe mbili za himoglobini, moja ya baba na moja ya mama. Aliyerithi mbili nzima ni mzima. Aliyerithi moja nzima na moja ya mundu si mgonjwa, huitwa mbebaji, na kwa kawaida hahisi lolote. Aliyerithi mbili za mundu ndiye mgonjwa.

Chukua mfano wa kijana wa Lunga Lunga aliyeoa binti wa Vanga, wote wawili wabebaji wasiojijua. Kila mimba wanayoipata ina nafasi moja katika nne ya kuzaa mtoto mgonjwa, nafasi mbili katika nne ya kuzaa mbebaji, na nafasi moja katika nne ya kuzaa mzima kabisa. Tahadhari: nafasi hizo huanza upya kila mimba. Mtoto wa kwanza akiwa mgonjwa, haimaanishi kwamba watatu wafuatao wamesalimika. Kuna nyumba hupata wawili mfululizo, na kuna nyumba hupata wanne bila hata mmoja mgonjwa.

Ona basi dhuluma iliyopo pale mume anapomrudisha mke kwao kwa kuwa "anazaa watoto wagonjwa". Haiwezekani mtoto awe na siko seli bila ya baba kuchangia nusu yake. Na mume huyo akioa mke mwingine ambaye naye ni mbebaji, atayakuta yale yale aliyoyakimbia. Ndoa za binamu, ambazo ni za kawaida katika koo nyingi za pwani, huongeza uwezekano wa mbebaji kukutana na mbebaji mwenzake, kwani babu yao ni mmoja.

Kwa nini pwani?

Swali hili lilijibiwa kwa damu ya Wakenya wenyewe. Mnamo 1949 kijana mmoja aliyelelewa nchini, Anthony Allison, alizunguka Kenya akichukua damu za watu wa makabila mbalimbali. Aligundua jambo la ajabu. Pwani, na kandokando ya Ziwa Victoria, wabebaji walizidi watu 20 katika 100. Kwenye nyanda za juu zenye baridi hawakufika hata mmoja. Akajiuliza, ni nini kilichopo pwani na ziwani kisichokuwepo mlimani? Jibu ni mbu wa malaria. Mwaka 1954 alichapisha uthibitisho wake: mbebaji hupata kinga dhidi ya malaria. Utafiti uliofanywa baadaye Kilifi, ambako kituo cha KEMRI na Wellcome Trust kilianza kazi 1989, umeonyesha kwamba mbebaji hupunguziwa hatari ya malaria kali kwa takriban asilimia 90.

Kwa hivyo si laana. Ni silaha ambayo wazee wetu waliachiwa na malaria, nayo ina makali pande zote mbili. Mwenye chembe moja huokoka, mwenye mbili huumia. Wala usidhani kwamba mgonjwa mwenyewe naye hukingwa. Malaria kwake ni hatari mno, na ndiyo maana hulala ndani ya neti iliyotiwa dawa na hupewa dawa ya kuizuia.

Tiba zipo

Wako wanaodhani kwamba mtoto wa siko seli hafiki utu uzima. Hayo ni ya zamani. Kipimo sasa chaweza kufanywa kwa tone moja la damu na jibu likapatikana kwa dakika chache, kisha likathibitishwa katika maabara kubwa. Mtoto akijulikana mapema hupewa penisilini kila siku hadi atimize miaka mitano, foliki asidi ya kusaidia kutengeneza damu, dawa ya kuzuia malaria, na chanjo zote. Mama hufunzwa kuupapasa wengu chini ya mbavu za kushoto, ili ukivimba ghafla awahi hospitali.

Kuna pia dawa iitwayo haidroksiyurea. Ilijaribiwa kwa watoto 606 katika nchi nne za Afrika, zikiwemo Uganda na Kenya, na hapa kwetu kazi hiyo ilifanyika Kilifi. Matokeo yaliyotangazwa mwishoni mwa 2018 yalionyesha kwamba maumivu, malaria, haja ya kuongezwa damu na vifo vyote vilipungua. Jirani zetu Tanzania nao, katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, wamekuwa wakiwafuatilia wagonjwa kwa maelfu tangu 2004 chini ya uongozi wa Profesa Julie Makani. Tiba ya kurekebisha chembe za urithi zenyewe iliidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, lakini bei yake huko Marekani yapita dola milioni mbili. Kwa mzazi wa kwetu, maji ya kutosha, sweta wakati wa baridi, kidonge cha kila siku na kliniki isiyokosekana ndivyo vilivyo karibu.

Mwalimu nawe una sehemu yako. Mtoto huyu anahitaji kunywa maji mara kwa mara, na kwa hiyo ataomba ruhusa ya kwenda msalani mara nyingi. Usimnyime. Usimpigishe magoti kwenye baridi ya asubuhi, wala usimlazimishe kukimbia hadi aishiwe na pumzi. Na akisema mifupa yamuuma, mwamini.

Damu isiyoganda

Tusisahau ugonjwa mmoja ambao hujitokeza siku ya furaha. Mvulana hutahiriwa, wengine wote hukauka, yeye damu yake haikomi. Hiyo huenda ikawa himofilia, kasoro ya kurithi ambayo hupatikana kwa mvulana mmoja hivi katika kila wavulana 5,000. Chembe yake hubebwa na mama, ambaye kwa kawaida haugui, na huwapata watoto wa kiume. Dalili nyingine ni magoti kuvimba kwa damu iliyovuja ndani, na alama nyeusi mwilini bila ya kupigwa.

Kabla ya tohara, uliza: je, kuna kaka, mjomba au binamu wa upande wa mama aliyewahi kutokwa na damu kupita kiasi? Likiwepo jibu la ndiyo, mtoto asiguswe na wembe wala kisu kabla ya kupimwa. Wala asipewe aspirini.

Fanya haya

Ikiwa wewe ni kijana unayepanga kuoa au kuolewa, na hasa ikiwa asili yenu ni pwani, Nyanza au magharibi mwa Kenya, pimeni himoglobini pamoja na vipimo vingine vya kabla ya ndoa. Jibu si la kuvunja uchumba. Ni la kuwafanya muingie mkijua, ili mtoto akizaliwa apimwe mapema badala ya kuzungushwa kwa waganga miaka miwili.

Ikiwa ni mzima, una umri wa kati ya miaka 16 na 65 na uzani wako haupungui kilo 50, toa damu. Mfuko mmoja ni kama nusu lita, na mwili wako utairudisha. Kwa mtoto anayefikishwa hospitali ya Msambweni na himoglobini ya nne, mfuko huo ndio tofauti ya kurudi nyumbani kwa miguu yake au kwa jeneza.

Na ikiwa una mtoto wa aina hiyo nyumbani, usimfiche. Mficha maradhi kifo humuumbua. Taja jina la ugonjwa mbele ya shangazi, mbele ya mwalimu na mbele ya jirani. Kila atakayelisikia ni mtu mmoja zaidi ambaye, usiku wa homa, atakusaidia kutafuta gari la hospitali badala ya kukuelekeza kwa mganga.